Fomu Isiyotaja Pombe

Kabla sijaletewa ile fomu nilikuwa nikiamini kwamba mlevi anajulikana kwa kumtazama tu. Kila asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikinyoa ndevu, na sikuona mlevi yeyote. Niliona mtu aliyechoshwa na joto.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa afisa wa tiba kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Griftu, na sitakitaja jina kwa sababu baadhi ya waliokuwapo bado wako hai na wana wajukuu. Afisa wa tiba, kwa asiyejua, ni yule ambaye kwenye karatasi si daktari, lakini watu wote humwita daktari kwa kuwa hakuna mwingine mpaka ufike Wajir. Nilitoka bara. Wenyeji walisema nimetoka Kenya, na kila niliporudi kutoka likizo waliniuliza, "Habari ya Kenya?" utadhani mimi na wao hatujasimama kwenye Kenya hiyohiyo. Mwanzoni nilikasirika na kuwapa somo la jiografia. Baada ya mwaka mmoja bila umeme, bila lami na bila dawa za kutosha, nikawa najibu tu, "Kenya haijambo, wanawasalimu."

Sisi wa kutoka Kenya tulikuwa wachache: mwalimu mkuu, karani wa mifugo, polisi wa utawala kadhaa, na mimi. Tulikuwa na kantini yetu nyuma ya kambi ya polisi, kibanda cha mabati ambamo bia iliuzwa ikiwa na joto la uji. Ililetwa na lori, imefichwa chini ya magunia ya kabichi, kwa heshima ya wenyeji, ambao wote walijua kilichokuwa chini ya kabichi maana watu wachache namna ile hawawezi kula kabichi nyingi kiasi kile. Nilianza na chupa mbili za jioni. Sikumbuki ni lini zikawa za adhuhuri. Nakumbuka tu kwamba kufikia mwaka wa pili nilikuwa na chupa ya kitu kikali zaidi kwenye kabati la dawa, nyuma ya spiriti ya kusafishia vidonda, na mara mbili tatu nilifunga kabati nikiwa sina hakika nimekunywa kutoka chupa ipi.

Gari letu lilikuwa moja, Landrova kuukuu. Ndilo lililobeba chanjo, ndilo lililobeba wakaguzi, na zaidi ya yote ndilo lililowapeleka Wajir wanawake walioshindwa kujifungua. Dereva wake alikuwa mwenyeji, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alilijua gari lile kuliko nilivyomjua mgonjwa yeyote, na njiani alizungumza nalo Kisomali. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita daktari, na akiwa amefurahi aliniita walaal, ndugu. Jioni nyingi alikuja kunichukua kantini. Hakuingia. Alisubiri nje ya ua, injini imezimwa, tasbihi mkononi, na nilipotoka alinifungulia mlango, akanifikisha nyumbani, akahakikisha nimepata tundu la kitasa. Hakuwahi kusema neno juu ya jambo hilo. Nilichukulia kwamba hiyo ndiyo adabu ya dereva kwa mkubwa wake, na nikajiona mkubwa.

Ndipo nikaitwa semina Garissa.

Ilikuwa semina ya siku tatu, kwenye ukumbi wa hoteli wenye feni mbili, moja ikizunguka. Mwezeshaji alitoka Nairobi na alivaa tai kwenye joto lile, jambo lililonifanya nimtilie shaka. Alitueleza kwamba serikali imechoka na magari kupinduliwa na dawa kupotea, na kwamba kuanzia sasa kila mfanyakazi wa afya anayeshika gari, dawa au funguo za stoo atapimwa kama ana tatizo la ulevi. "Na leo nimewaletea kifaa," alisema. Nilitazamia kitu chenye betri. Akainua karatasi.

Karatasi ilikuwa na maswali manne. Je, umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza pombe? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kulalamikia unywaji wako wa pombe? Je, umewahi kujuta au kujiona mkosaji kwa sababu ya pombe? Je, umewahi kunywa pombe asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, ili mwili ukae sawa? Ukijibu ndiyo unapata alama moja, ukijibu hapana sifuri. Mwenye alama mbili kwenda juu ana tatizo. Mwenye nne, mwezeshaji alisema, hahitaji hata kupimwa tena. "Kifaa hiki," alimalizia, "hakidanganywi."

Niliyasikia yale maswali kama mtu anayesomewa barua yake mbele ya darasa. Nilitazama feni. Nilitazama ile isiyozunguka. Halafu nikanyoosha mkono.

Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu wa miaka, kwamba Kaskazini Mashariki si mahali pa kuuliza maswali ovyo. Huku watu ni Waislamu. Kumwuliza mtu mzima aliyetoka kuswali alfajiri habari za pombe ni kumtukana, na akishatukanwa hatakuja hata kuchanja watoto wake. Nikapendekeza neno lile liondolewe kabisa. Tuseme "kunywa" tu, maana yake inajulikana. Na kwetu bara inajulikana kweli: ukimwuliza mtu "Wewe unakunywa?" hakuna anayefikiria maji.

Ukumbi mzima ulinipigia makofi. Mwezeshaji alisema hicho ndicho wanachokitafuta huko Nairobi, mtu anayeheshimu mila za wenyeji, na fomu za mkoa wetu zikapigwa chapa upya usiku huohuo bila pombe ndani yake. Mimi niliyejitolea kulinda heshima ya Waislamu sikuwa nimewahi kuwaza juu ya heshima ya Mwislamu yeyote tangu nifike. Nilichotaka ni kutolisikia neno lile likitoka kinywani mwangu kila siku.

Niliporudi kituoni nilikaa na bahasha ya fomu wiki tatu. Siku ya mwisho ya kuzituma ndiyo siku niliyozijaza, asubuhi, kichwa kikigonga kwa sababu ya jana yake. Wa kwanza alikuwa mlinzi wetu, mtu wa miraa, ambaye kila alasiri gari la miraa lilipofika alijifungia na kifurushi chake, akatafuna mpaka macho yakawa kama sahani, na kesho yake lango likashinda bila mlinzi. Alijibu hapana mara nne, mbili kati ya hizo kabla sijamaliza swali. Watu wengi wa huko hujibu hivyo wakiulizwa chochote na serikali, na sikuwalaumu. Fomu yenyewe haikuuliza habari za kutafuna. Mlinzi akapata sifuri, mtu safi kabisa.

Kisha akaingia dereva. Alivua kofia, akaketi, akaweka mikono magotini kama mtu aliyekuja kupimwa kifua. Nikamsomea, naye akajibu kwa Kiswahili chake ambacho p nyingi hugeuka b.

"Je, umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza kunywa?"

"Ndiyo, daktari. Wewe mwenyewe uliniambia. Ulisema sukari iko juu, nibunguze shaah, hii chai yetu. Nabunguza kidogo kidogo."

Nikaandika moja.

"Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kulalamikia kunywa kwako?"

"Bibi yangu!" Alicheka. "Kila siku. Anasema kilo ya sukari inakwisha siku tatu, kwa nini sioi duka."

Nikaandika moja.

"Je, umewahi kujuta au kujiona mkosaji kwa sababu ya kunywa?"

Hapo hakucheka. Alitazama kofia yake. "Iko siku moja," alisema. "Ramadhan. Nilikuwa nabeleka mama Wajir, mtoto amekwama. Gari ikaingia mchanga. Nikachimba beke yangu mpaka nikaona macho inaingia giza. Nikakunywa chai ya chuba yote, mchana, jua iko juu. Msafiri ameruhusiwa, najua. Lakini kulipa ile siku nilisahau, na mwaka ikapita, na nyingine. Wallahi, hiyo inaniuma."

Nikaandika moja. Naomba msomaji aelewe kwamba nilimsikia. Masikio yangu yalikuwa mazima. Nilisikia chai, nilisikia sukari, nilisikia mwanamke na mchanga, na mkono ukaandika moja kwa sababu kanuni ilisema ndiyo ni moja, na kwa sababu kabati la dawa lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa na sikuwa nawaza kitu kingine.

"Je, umewahi kunywa asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, ili mwili ukae sawa?"

"Sasa daktari, asubuhi mtu asibokunywa ataendesha gari fibi? Kichwa inauma mpaka saa sita."

Nne juu ya nne. Chini ya fomu palikuwa na mistari mitatu ya maoni ya mpimaji. Niliiacha wazi. Nikamshukuru, akatoka, nikafungua kabati, nikafunga kabati, kisha nikajaza fomu yangu mwenyewe. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, kwa mwandiko mzuri kupita wote kwenye bahasha ile.

Majibu yalichukua miezi mitatu kurudi. Zilikuja barua mbili kwenye bahasha moja. Ya kwanza ilikuwa yangu: kutokana na mwenendo wangu wa kuigwa, nilikuwa nimeteuliwa mshauri wa watumishi wenye tatizo la ulevi katika eneo letu lote. Ya pili ilikuwa ya dereva. Asimamishwe kushika gari la serikali mara moja. Akabidhi funguo. Kila wiki ahudhurie ushauri, kwangu, mpaka kamati ya mkoa iamue kama atafutwa kazi.

Nilimwita nikamsomea. Kusoma ilibidi nisome mimi, kwa kuwa yeye alijua herufi za Kiarabu tu. Nilipofika kwenye neno "mlevi" nilisita, nikalisema upesi, nikaendelea. Akanyoosha mkono akanizuia.

"Onyesha mimi hiyo neno iko wabi."

Nikaweka kidole. Aliinama akalitazama kwa muda mrefu, herufi kwa herufi, neno la herufi tano ambalo hakuweza kulisoma. Akauliza nani ameandika. Nikasema ni Garissa. Ndivyo nilivyosema, Garissa, mji mzima. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani taratibu bila kuzigonga, akaondoka kwa miguu.

Huko hakuna siri. Kufikia sala ya Ijumaa kila mtu alijua serikali imemwandikia yule mzee kwamba ni mlevi, na kwa watu wale hilo ni jambo zito kuliko kuitwa mwizi. Hakuna aliyeamini. Lakini hakuna pia aliyejua aseme nini mbele yake, kwa hiyo walinyamaza alipokaribia, na mtu akinyamaziwa na watu aliokua nao huanza kujikagua. Mkewe alinijia kituoni akasimama mlangoni, hakutaka kuketi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Daktari, bwana yangu akunywa nini?" Nikasema tunashughulikia. Nilijiona mdogo kuliko kisoda, na jioni ile nikaenda kantini mapema zaidi.

Dereva mwingine hakuletwa. Landrova ilikaa chini ya mti wa mgunga ikijaa vumbi. Mwanamke mmoja alipelekwa Wajir nyuma ya lori la mbuzi, kalala juu ya magunia na mama yake kamshika kichwa. Alifika hai, na mtoto pia, lakini hilo lilikuwa la Mungu na la mwenye lori, halikuwa letu.

Na kila Alhamisi yule mzee alikuja kushauriwa. Ni sehemu ambayo mpaka leo nikiisimulia watu hudhani naongeza chumvi. Alikuja saa nne kamili, kanzu safi, akaketi. Mimi nilikaa mbele yake nikitafuna karafuu ili harufu isimfikie, na kutoka kwenye kijitabu nilichotumiwa nikamweleza pombe inavyoharibu ini, inavyovunja nyumba, inavyomfanya mtu aseme uongo mpaka kwa nafsi yake. Mtu ambaye hakuwahi kuionja pombe alinisikiliza kwa makini. Alitikisa kichwa. "Bole sana," alisema nilipofika kwenye ini.

Alhamisi ya tatu aliniuliza, "Na mtu akitaka kuacha, anaanza wabi?"

Nikamsomea hatua za kwanza. Kukubali. Kumwambia mtu mmoja unayemwamini. Kuondoa chupa nyumbani na kazini.

"Rudia hiyo ya chuba," akasema.

Nikarudia.

"Na akishindwa beke yake?"

"Basi aende hospitali kubwa, asaidiwe."

"Hiyo pia rudia."

Nilirudia nikidhani ameona haya kuuliza maana. Ilinichukua Alhamisi mbili zaidi kugundua kwamba swali hakuwa akijiulizia. Alikuja kwa miguu mwendo wa saa nzima kila wiki, kwenye adhabu isiyo yake, na alikuwa ameamua kuitumia. Nilipogundua nilikasirika. Nilikasirika kweli, nikafunga kijitabu, nikamwambia kwamba kwa wiki ile inatosha. Alisimama, akavaa kofia, akasema, "Alhamisi ijayo, inshallah."

Niliandika barua Garissa kueleza kwamba kuna makosa, kwamba mtumishi huyu hanywi. Walinijibu haraka kuliko walivyowahi kunijibu juu ya dawa. Walinishukuru kwa moyo wangu wa huruma, lakini wakanikumbusha, kama nilivyofundishwa semina, kwamba kukana ni dalili ya kawaida ya ugonjwa wenyewe. Kadiri mtu anavyokana, ndivyo anavyohitaji msaada. Kamati ingekaa mwisho wa mwezi na kumpima tena. Nije naye.

Tulisafiri kwa lori mpaka Wajir, na kutoka Wajir kwa basi. Njia nzima nilimfundisha. "Mzee, ukisikia neno 'kunywa', jibu hapana. Mara nne. Hapana, hapana, hapana, hapana, twende nyumbani."

"Lakini nakunywa."

"Wanamaanisha pombe."

"Basi waseme bombe."

"Hawawezi kusema."

"Kwa nini? Wanaona aibu? Mimi sioni aibu. Waulize mimi bombe, nitajibu bombe. Waulize chai, nitajibu chai."

Nikatazama dirishani. Nikamwambia kwamba neno hilo lilikuwa kwenye fomu, na kwamba ni mimi niliyeomba litolewe, ili Waislamu wasiudhike. Aligeuka akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Nilingoja anitukane, maana nilistahili. Alianza kutikisika mabega, kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na abiria wa mbele wakageuka. "Wewe!" alisema. "Wewe walaal, wewe ndio ulichunga sisi tusiudhike!" Halafu akavuta tasbihi mpaka Garissa.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye upole wa kikazi. Wa kulia aliandika. Wa kushoto alikuwa na shavu lililovimba kwa miraa, na fungu lake lilikuwa mbele yake limefungwa kwenye jani la mgomba, pembeni mwa faili yenye kichwa cha habari kuhusu ulevi kazini. Mwenyekiti aliichukua fomu ileile na kuisoma.

"Umewahi kuona unapaswa kupunguza kunywa?"

Dereva alinitazama. Niliona anajaribu. Niliona ile hapana ikifika mpaka kwenye midomo. "Ndiyo," akasema, "nimejaribu kusema hapana lakini si kweli." Na baada ya hapo akawajibu ndiyo tatu zilizobaki, na ile ya Ramadhani alijibu kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti akafunga fomu. "Mnaona? Mara mbili, miezi sita imepita, majibu ni yaleyale. Huu ndio uthabiti wa kifaa."

Nikasimama. Nikasema anazungumzia chai. Mwenyekiti akauliza, kama ni chai, kwa nini sikuandika hivyo kwenye mistari ya maoni. Lilikuwa swali la haki. Nikasema, "Kwa sababu siku ile nilikuwa nimelewa."

Wa kuandika aliacha kuandika. Wa miraa alicheka kwanza, halafu mwenyekiti naye akatabasamu, akafungua faili, akaigeuza nione. Sifuri nne, kwa mwandiko mzuri. "Daktari," alisema kwa upole, "tunaelewa unampenda mwenzako. Lakini wewe una sifuri. Wewe ndiye mshauri wetu."

Nikasema tena. Nikataja kantini, nikataja kabati, nikataja chupa na spiriti. Nilikuwa nimesema uongo miaka miwili bila kuulizwa ushahidi, na sasa nilisema kweli na hakuna aliyeitaka. Mwishowe mwenyekiti, ili kumaliza jambo, akamgeukia dereva. "Mzee, wewe ndiye uliyekuwapo. Siku ile alipokuuliza maswali haya, daktari alikuwa mlevi? Jibu ndiyo au hapana."

Ndiyo moja ingemrudishia gari, kazi na jina. Alikuwa ametoka kuzisema nne dhidi yake mwenyewe. Hata shavu la miraa likatulia.

"Daktari alikuwa mgonjwa," alisema. "Miaka mbili sasa ni mgonjwa. Mimi ndio nabeleka yeye nyumbani. Nangoja abone."

Mwenyekiti alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu katika ofisi ile kunitazama bila kutazama karatasi kwanza. Alichukua kalamu. "Mgonjwa wa nini?" aliniuliza. "Lazima niandike kitu."

"Pombe," nikasema. "Andika pombe."

Akaandika. Wakanong'ona kidogo, na uamuzi ukawa kwamba kwa kuwa mpimaji alikuwa mgonjwa, fomu zote alizojaza ni batili, na dereva arudishiwe gari mpaka zitakapojazwa nyingine. Hawakumwambia samahani. Kwenye faili yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu yule hakuwahi kunywa pombe. Kuna mahali palipoandikwa kwamba fomu yake ilijazwa na asiyefaa. Nilitaka kupinga. Yeye akanivuta mkono tutoke, akasema funguo zinatosha, habari nyingine atazisema mwenyewe msikitini.

Mimi nilipewa wiki mbili za kutibiwa. Serikali iliamini wiki mbili zinatosha, na mimi pia. Zikawa miezi saba, kwenye hospitali moja Nairobi, na mara moja katikati nilitoroka nikakutwa baa ya tatu kutoka langoni. Sitayaeleza yale. Nilipoambiwa naweza kurudi kazini nilifika mpaka Garissa, na kutoka hapo nikaomba wapeleke ujumbe kituoni kwetu kwa redio ya hospitali, kwamba nipo, na kwamba kama hakuna gari nitasubiri basi. Sikumtaja mtu.

Siku ya pili Landrova ilikuwa imesimama nje ya lango la hospitali, vumbi mpaka kwenye vioo. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na Wajir si jirani. Tulisalimiana kwa Kisomali, kidogo nilichojua. Hakuuliza kama nimepona. Aliichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiachilia hewani mbele yake akaitazama, nami nikaitazama, mpaka sote wawili tukawa tumeridhika kwamba haitetemeki. Kisha akaniwekea funguo kiganjani, kinyume cha kila kanuni ya magari ya serikali, akazunguka akaenda kuketi upande wa abiria.

"Endesha wewe," alisema, akafunga macho. "Mimi nimechoka."